Sebule nyeupe ya Tanga: anza na balbu na kanga, rangi ya ukuta ije baadaye

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Naishi Tanga, kwenye nyumba ya matofali tuliyohamia mwaka jana. Sebule ni mita 4 kwa 5, dari la jipsamu liko mita 2.8 kutoka chini. Kuta zote ni krimu, sakafu ni vigae vyeupe vinavyong'aa, makochi ni ya kahawia iliyoiva, mapazia ni ya dhahabu yanayometameta. Dirisha moja linatazama mashariki, jingine liko upande wa kusini, kibarazani. Nataka nyumba iliyochangamka, mgeni akiingia ajue hapa pana mtu. Ila naogopa isije ikafanana na saluni au kibanda cha kusajili laini za simu. Mume wangu anasema tuache nyeupe hivyo hivyo. Tena ukuta wa dirisha la mashariki rangi inabanduka chini na kutoa unga mweupe. Fedha ni ya kuungaunga. Nianzie wapi?

Jibu: Salama, dada. Kwa ufupi, usinunue rangi mwezi huu. Nunua balbu, kisha doti moja ya kanga, na ukuta unaobanduka utibiwe wakati wewe unaendelea kufikiri. Rangi ya ukuta ichaguliwe mwisho. Duka lenye mashine ya kuchanganya kwa kompyuta litakutengenezea karibu rangi yoyote ukipeleka kipande cha kitambaa, lakini hakuna duka la nguo litakalokuchapia kanga ifanane na ukuta uliokwisha kuupaka. Wanaoanza na ukuta huishia kuzunguka mjini na kadi ya rangi mkononi, wakitafuta mito ambayo haipo.

Balbu zinatangulia kwa sababu sebule nyingi za kwetu huishi usiku. Mchana watu wako kazini, shuleni, kibarazani. Chumba kinajaa saa moja hadi saa nne usiku, kwa hiyo rangi zako zitatazamwa chini ya taa kuliko chini ya jua. Na taa iliyozoeleka ni ile nyeupe yenye ubuluu, ya 6500K (K ni kipimo cha rangi ya mwanga), ambayo watu huipenda wakidhani inawaka zaidi. Mwanga wake una buluu nyingi na wekundu haba. Kahawia ya makochi inageuka tope, njano inaingia ukijani, na nyuso za wageni zinaonekana kama za watu waliotoka kuugua. Kwenye boksi la balbu tafuta 2700K au 3000K. Kama limeandikwa Ra au CRI, yaani kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi za vitu kwa usahihi, chukua 90. Ukiikosa, isipungue 80.

Chumba cha mita za mraba 20 hakitoshelezwi na balbu moja katikati ya dari. Weka tatu: ya dari iwe LED ya wati 12, nyingine mbili za wati 6 au 7 ziwe chini ya usawa wa macho ya mtu aliyesimama, moja kando ya kochi kubwa na moja kwenye kona ya mkabala. Taa ya chini hutia ukuta vivuli na kina. Ya dari ikiwa peke yake, ukuta wote unakuwa bapa hata ungepakwa rangi ya namna gani. Zote tatu ziwe na namba moja ya K, maana ukichanganya 3000K na 6500K chumba kimoja, rangi ile ile itaonekana mbili tofauti kutegemea umekaa wapi.

Badilisha balbu leo usiku, ukae wiki nzima kabla ya kugusa kitu kingine. Pengine utaanza kuyapenda makochi yako upya.

Ukuta unaotoa unga

Huo unga ni chumvi. Maji hupanda ndani ya ukuta, huyeyusha chumvi iliyomo kwenye tofali na lipu, na yanapokaukia karibu na uso wa ukuta huiacha hapo. Chumvi ikiganda nyuma ya rangi huisukuma mpaka ibanduke. Pwani sababu kubwa ni tatu, na mara nyingi huja pamoja: hakukutandazwa nailoni ya kuzuia maji juu ya msingi, lipu ilipigwa kwa mchanga wa baharini, au udongo wa nje umejaa hadi kupita usawa wa sakafu ya ndani. Hii ya tatu ikague mwenyewe kabla ya kumwita fundi, kwa sababu dawa yake ni jembe. Chimba udongo uwe angalau sentimita 15 chini ya sakafu, na kama bati halina mfereji, maji ya mvua yanayorukia ukutani nayo utafute namna ya kuyakinga.

Kama huna uhakika maji yanatoka wapi, bandika nailoni safi ya sentimita 50 kwa 50 ukutani, uzibe kingo zote nne kwa utepe, uiache saa 48. Matone yakiwa upande wa ukuta, unyevu unatoka ndani ya ukuta. Yakiwa upande wa chumba, tatizo ni hewa ya chumba, fungua madirisha.

Kosa linalorudiwa kila siku ni kupaka sehemu hiyo rangi ya mafuta ili "isipitishe maji". Maji hayaishi. Yanapanda juu zaidi kutafuta pa kutokea, na mwaka unaofuata mbanduko umefika kiunoni. Fanya hivi: kwangua rangi iliyolegea, chumvi uipige brashi ikiwa kavu, uizoe, uitupe. Usiioshe, kwa kuwa maji yataiyeyusha na kuirudisha ndani. Lipu ivunjwe hadi sentimita 30 juu ya alama ya mwisho ya unyevu, ipigwe upya kwa mchanga wa mto, iachwe siku 28. Simenti mbichi ina ukali unaounguza rangi nyingi, ndiyo maana kuta zilizopakwa haraka hutoka mabaka. Bila shaka fundi atakwambia wiki moja inatosha. Mwambie utamwita mwezi ujao.

Ukuta huo, hata ukipona, usiuchague kuwa ukuta wa rangi kali. Chumvi kidogo ikirudi, juu ya rangi ya kukolea itaonekana kama chaki ubaoni, ila juu ya nyeupe haionekani sana. Kwa ukuta wa namna hii chokaa ya maji ndiyo inayofaa, mikono mitatu myembamba, kila mkono ukikauka usiku mzima, kwa sababu chokaa huuacha ukuta upumue. Ukitaka iwe na usamawati kidogo, buluu ya kufulia ya asili, ile ya unga, inavumilia ukali wa chokaa, na redioksaidi ya kusakafia inavumilia vilevile. Unga wa rangi usizidi sehemu 1 kwa sehemu 10 za chokaa kwa uzito, la sivyo ukuta utachafua nguo za kila anayeegemea. Vaa miwani unapopaka. Chokaa jichoni si mchezo. Na ujue mapema kwamba juu ya chokaa huwezi kurudi ukapaka rangi ya maji ya kawaida bila kuikwangua kwanza.

Kanga kama ramani

Kila rangi kwenye kanga inahitaji skrini yake ya kuchapia, kwa hiyo msanii wa kanga amebanwa: mbili, tatu, mara chache zaidi. Ndani ya kibano hicho amekwisha kukufanyia kazi ambayo wengi huilipia. Amechagua rangi zinazopatana, ameamua ipi itawale na ipi iwe ndogo, na ameweka pindo la kuzifunga zisitawanyike. Unachofanya wewe ni kuhamisha hesabu hiyo chumbani.

Itandaze sakafuni, simama mbali mita 3, fumba macho nusu. Taja rangi kwa mpangilio wa wingi. Hapo ndipo watu hukosea: wanaona kanga imejaa nyekundu, wanapaka chumba kizima nyekundu. Kanga ni mita 1.5 kwa 1.1, chumba chako kina kuta za mita za mraba 50. Rangi ikipanuka hivyo inaongezeka ukali, kwa sababu kuta zinaangaziana na kurudishiana rangi. Basi geuza: rangi nyepesi kuliko zote kwenye kanga ndiyo ichukue eneo kubwa la chumba, inayotawala kanga ichukue ukuta mmoja, na ile ndogo ibaki ndogo. Chukua kisutu, kanga ya harusi ya nyekundu, nyeusi na nyeupe. Chumbani inakuwa kuta tatu nyeupe, ukuta mmoja mwekundu wa udongo, na nyeusi mistari tu: fremu za picha, miguu ya meza, fimbo ya pazia.

Kwako wewe makochi ndiyo yanayoamua, maana hayaendi popote. Kahawia ni rangi ya chungwa iliyotiwa giza, na kwenye duara la rangi kinachokabili chungwa ni buluu. Weka kahawia mbele ya buluu yenye ukijani, ile ya bahari ya kina, na ngozi ya kochi inapata uhai. Iweke mbele ya krimu, kama ilivyo sasa, vyote viwili vinasinzia. Kwa hiyo tafuta doti yenye buluu ya bahari, nyeupe, na kitu kimoja chenye joto: njano ya bizari, au damu ya mzee. Ukikuta ina na nyeusi kidogo, bora zaidi.

Utasikia habari za kanuni ya 60-30-10, kwamba rangi kuu iwe asilimia 60 ya chumba, ya pili 30, ya tatu 10. Kwa mwoga inasaidia. Ila hakuna anayepima asilimia za sebule, na kanga nzuri haiifuati.

Soma na jina lake, yale maandishi yaliyochapwa juu yake. Kanga inayovaliwa hupita, ila iliyogeuzwa pazia itasomwa na mama mkwe kila jumapili. Mafumbo ya kumrushia jirani yaache dukani.

Woga wako wa saluni una msingi, na ni rahisi kueleza unatokana na nini: rangi mbili zenye nguvu sawa zikapewa eneo sawa, zikakabiliana ukutani, zikapakwa rangi inayong'aa, juu yake ikawekwa taa ya 6500K. Ukiondoa hata mawili kati ya hayo, saluni inapotea. Sisi tumeshaondoa taa. Mng'ao tutauondoa sasa hivi.

Na mume wako hajakosea. Nyumba za mawe za Lamu, mji ulioingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2001, zilikuwa na kuta nyeupe za chokaa, na vyumba vyembamba kwa kuwa upana ulifuata urefu wa boriti za mikoko. Hakuna aliyeziita baridi. Rangi ilikaa kwenye vitu: vyombo vya kaure kutoka China ndani ya zidaka (vishubaka vya ukutani), mikeka, mito. Mpe kuta tatu nyeupe, wewe chukua mmoja.

Ukuta mmoja, na rangi ngapi

Chukua ukuta wa ndani wa mita 4, ulio nyuma ya kochi kubwa, usiogusa nje. Ni mkavu, hauna dirisha, na unakabili mtu anayeingia.

Peleka kanga dukani mchana, ukaoanishe na kadi nje kwenye kivuli, wala si chini ya tyubu za duka. Ukishapata inayofanana, shuka hatua moja kwenye ukijivu: chagua ile iliyofifia kidogo kuliko kitambaa, kwa sababu ya ule ukali unaoongezeka. Kisha, mwanga wa 3000K huivuta buluu-kijani kuelekea kijani, basi kati ya kadi mbili chukua iliyoegemea buluu. Nunua kopo dogo la majaribio, paka mikono miwili kwenye kipande cha hadibodi cha sentimita 60 kwa 60, uache ukingo mweupe wa vidole viwili pande zote. Kisimamishe nyuma ya kochi, ukiangalie saa mbili asubuhi, saa tisa alasiri na saa mbili usiku, kwa siku tatu. Usijaribie ukutani moja kwa moja; krimu iliyo nyuma itakudanganya, na kiraka kitaonekana hata baada ya kupaka.

Hiyo krimu yenyewe nayo iondoke. Ina njano ndani yake, na ikikaa jirani na buluu itaonekana kama ukuta uliofukizwa moshi wa jiko. Omba nyeupe iliyotiwa tone la udongo mwekundu, si tone la njano.

Hesabu ni hii. Lita moja ya rangi ya maji hupaka mita za mraba 10 hivi kwa mkono mmoja kwenye ukuta laini uliopigwa skimu. Ukuta wa rangi ni 4 mara 2.8, yaani mita za mraba 11.2, mikono mitatu ni lita 3.4, kwa hiyo galoni moja ya lita 4. Kuta nyeupe zilizobaki, ukitoa mlango na madirisha mawili, ni mita za mraba 34 hivi. Mikono miwili ni lita 6.8, chukua galoni mbili; ule wa mashariki ukiupaka chokaa, itabaki zaidi. Ongeza lita 2 za praima kwa ule ukuta wa rangi, ikichanganywa kijivu cha wastani. Kijivu chini ya rangi ya kukolea humpunguzia fundi mkono mmoja. Chini ya njano usiweke kijivu, weka nyeupe; njano ni rangi inayopitisha macho, kila kilicho chini huchungulia.

Chagua mati, isiyong'aa, lakini ile iliyoandikwa kuwa inaoshwa. Silki inang'aa, na kila wimbi la mwiko wa aliyepiga lipu litaonekana taa ya pembeni ikiwaka.

Siku ya kazi: osha ukuta kwa maji na sabuni kidogo, suuza, uache ukauke. Ziba nyufa, piga msasa namba 120 halafu 180, futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu. Vumbi la msasa lisilofutwa ndilo linaloifanya rangi itoke kama ngozi baada ya miezi. Mkono wa kwanza uongezewe maji asilimia 10, isizidi. Hapa msimamie fundi, kwa kuwa galoni moja ikizaa mbili ndooni, faida ni yake na mabaka ni yako. Kati ya mkono na mkono subiri saa 4. Wakati wa masika acha hadi kesho yake. Rola iwe ya manyoya mafupi, milimita 10 hivi, na fundi asirudi kwenye sehemu iliyoanza kukauka, maana rangi ya kukolea huonyesha kila mpito wa rola.

Kwenye kona ambako buluu inakutana na nyeupe, bandika utepe wa karatasi, kisha pitisha *nyeupe* kwanza kwenye ukingo wa utepe. Nyeupe ndiyo itakayopenya chini yake na kuziba, buluu ikija juu haina pa kupita. Vua utepe taratibu kwa mshazari, mkono wa mwisho ukiwa bado haujakauka kabisa. Ukikauka, utepe utang'oa na rangi.

Mapazia, na hiyo doti inavyokatwa

Mapazia ya dhahabu yaondoke sebuleni. Yana mng'ao, na vigae navyo vina mng'ao, viwili hivyo vinapokezana mwanga mchana kutwa. Mahali pake weka marekani, kile kitambaa cha pamba kisichopaushwa. Jina lake limebaki tangu karne ya 19 kilipokuwa kikiletwa na meli kutoka Marekani, na bado hakuna kitambaa rahisi kinachochuja mwanga wa pwani vizuri kama hicho.

Loweka marekani na kanga kabla ya kukata. Pamba hunywea, na pazia lililokatwa kabla ya kuloweka litakuwa la mtoto baada ya kufuliwa mara moja. Kanga ifuliwe kwa maji baridi peke yake, tena na tena, mpaka maji yatoke meupe. Chumvi na siki mnazoambiwa zitie ndooni kama unapenda, lakini kwa kitambaa kilichokwisha kuchapwa kiwandani hazifungi rangi. Kinachosaidia ni kutoa rangi iliyozidi mpaka iishe.

Kwa dirisha la upana wa mita 1.5, fimbo iwe ya mita 1.9, isogee sentimita 20 kila upande, ikae sentimita 20 juu ya dirisha. Pazia lishuke hadi sentimita 2 juu ya vigae. Ukiwa na marekani ya upana wa mita 1.5 unahitaji vipande vitatu vya mita 2.55, na ukijumlisha kunywea, nunua mita 8 na nusu. Kitambaa kiwe zaidi ya mara mbili ya fimbo. Kikipungua hapo pazia linasimama kama shuka lililoanikwa.

Chini ya marekani shona pindo la kanga. Kila kanga ina mapindo mawili marefu ya mita 1.5, kwa hiyo doti inakupa mita 6, na dirisha moja linahitaji mita 4.5. Mji, yaani sehemu ya katikati ya kanga, unaobaki unatosha mito miwili ya sentimita 45, mmoja kwa kila kanga, na jina unaweza kulikata kama mkanda ukalishona kwenye mto wa tatu wa kitambaa kisicho na maua. Dirisha la mashariki liache bila pindo. Jua la asubuhi litalifubaza kabla ya mwaka kuisha, na pindo lililofubaa kando ya pindo zima huonekana kama kosa.

Ubunifu wa lita moja

Hapa ndipo nyumba inapopata tabia yake, na inahitaji kopo moja tu la lita 1 la ile njano ya bizari.

Kwanza, paka kingo za ndani za madirisha yote mawili, zile zinazopita kwenye unene wa ukuta, juu na pembeni, kibao cha chini kikiachwa cheupe. Kwa ukuta wenye kina cha sentimita 15 ni mita za mraba 1.2 tu kwa yote mawili. Mwanga ukipita hapo unajipaka njano na kumwagika kwenye ukuta mweupe wa pembeni. Mgeni ataona chumba kina joto asijue linatoka wapi. Dirisha la kibarazani litafaidi zaidi, kwa sababu mwanga wake mwingi ni wa kurudishwa na sakafu na bustani, na kama nje pana majani mabichi, sasa hivi unaleta ukijani ndani.

Pili, kidaka cha kuchora. Kwenye ukuta mweupe karibu na mlango, pima upana wa sentimita 90, weka alama katikati. Kwenye urefu wa sentimita 140 piga msumari mwembamba, funga uzi wa sentimita 45 wenye penseli, zungusha nusu duara. Teremsha mistari miwili hadi sakafuni kwa pima maji. Umepata tao lenye urefu wa sentimita 185. Mstari wa tao upake kwa brashi ndogo bila utepe. Utepe haukubali kupinda vizuri. Mbele yake weka kigoda, chungu chenye mmea, au meza nyembamba ya funguo. Tao lisilo na kitu mbele yake huonekana kama mlango ulioghairiwa.

Tatu, picha. Mchoro wa Tingatinga una asili inayofaa hapa: Edward Saidi Tingatinga alianza Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za kupakia baiskeli juu ya hadibodi. Mng'ao wa rangi ile ndio uzuri wake, na juu ya ukuta wa mati unaonekana mara mbili. Ila uwe mmoja mkubwa au kundi lililobanana, upana wake theluthi mbili ya kochi, ukingo wa chini sentimita 15 hadi 20 juu ya mgongo wa kochi. Picha ndogo tatu zilizotawanyika kila moja na msumari wake ni ugonjwa wa sebule nyingi, na nyingi zimening'inizwa juu mno, karibu na dari, kama kalenda.

Sakafuni, vigae vyeupe vinahitaji kufunikwa kiasi. Mkeka wa ukindu wenye ukili wa rangi, mita 2 kwa 3, miguu ya mbele ya makochi ikiukanyaga, utaunganisha vitu vilivyokuwa vinaelea. Tandika wavu wa mpira chini yake usiteleze. Kila wiki uinue na kuusimamisha kivulini. Ukindu ukikaa juu ya kigae kilichopigwa deki majimaji huota kuvu, na jua kali la kuukausha huila rangi.

Fedha ikikatika njiani, simama kwa mpangilio huu: balbu, udongo wa nje na lipu, doti na marekani, ukuta wa buluu, kopo la njano, mkeka. Picha isubiri hata mwaka. Galoni za rangi moja zinunuliwe siku moja na zimwagwe zote ndoo moja zikorogwe kabla ya kuanza, kwani kompyuta ile ile hukosea tone moja leo na kesho. Ikibaki nusu lita, iweke kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko cha kukaza, bandika namba ya kadi na jina la ukuta, uihifadhi mbali na jua. Watoto wakichubua, chovya sponji ndogo na uguseguse palipochubuka tu, usipitishe brashi.